Utepe Mwekundu kwenye Kamba ya Kenyi

Kenyi akirudi kutoka kwenye miti, mke wake Sitti alipokea kamba kwanza. Panga lilisubiri mlangoni, shoka lilisubiri, na Kenyi mwenyewe alisubiri, kamba imeshaondoka begani mwake kabla hajavua viatu. Ukigeuka tu, Sitti ameshakaa mkekani, kamba mapajani, anaipitisha vidoleni taratibu kama mtu anayetafuta chawa kwenye nywele za mtoto.

"Mama Medina," Kenyi alisema, "siku moja nitaanguka nivunjike mguu, na wewe utauliza kama kamba iko salama."

"Nikiiuliza kamba mapema, huo mguu hautavunjika," Sitti alijibu bila kuinua kichwa.

Walikuwa wakiishi Koboko, katikati ya miaka ya sabini, wakati ambapo kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi ili kitoshe nyumba mbili na sukari ilitolewa mgeni akija. Kenyi alikuwa Mkakwa wa Midia, mtu mrefu mwenye mwili na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto. Kazi yake ilikuwa kukata matawi. Mti ukielemea bati la mtu, Kenyi aliitwa. Mti wa kalitusi ukikaribia nyaya za simu, Kenyi aliitwa. Sitti alikuwa Mnubi wa pale pale mjini, babu yake alifika na jeshi kutoka Sudan akafia Koboko, na yeye alisuka tabaga, zile sinia za majani zenye rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula cha wageni. Tabaga za Sitti zilikwenda harusini hadi Arua.

Lakini kilichomfanya ajulikane zaidi ni maswali. Akinunua nyanya aliuliza kwa nini upande mmoja umeiva na mwingine bado, ilhali jua ni moja. Muuza nyanya aliapa mama huyu hanunui, anachunguza. Sitti alinunua, akalipa, akaondoka bado anaigeuza nyanya mkononi.

Kwenye ukuta wa chumba chake ilining'inia tabaga iliyoharibika. Majirani waliiita tabaga ya aibu. Zamani kidogo, Sitti alipata mikanda myembamba ya plastiki, ile inayofungia marobota ya vitambaa, ina rangi ya samawati inayong'aa ambayo majani yasingeweza kuitoa. Akaisuka badala ya ukindu, akaipeleka harusini. Bibi mmoja wa upande wa wakwe alipoishika kwa ukingo ainyanyue, tabaga ilijifungua yenyewe, mzunguko baada ya mzunguko, ikatambaa juu ya bakuli la mchuzi kama nyoka anayetoka kuoga. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mwanamke mwingine angeitupa jikoni. Sitti aliirudisha nyumbani, akaiosha mchuzi, akaitundika ukutani. Alisema hajamaliza nayo. Alikuwa ameisuka kama anavyosuka zote, mkono ule ule, mafundo yale yale. Kwa nini hizo nyingine zinakaa na hii haikukaa?

Sasa turudi kwenye kamba.

Kamba za zamani za Kenyi zilikuwa za katani. Zilikuwa nzuri, ila mvua ilizila, na kila baada ya masika alihitaji nyingine. Ndipo dereva mmoja wa Vurra, aliyekuwa akivusha mizigo kutoka ng'ambo ya mpaka, akamwita akate mti uliokuwa ukimtishia jikoni kwake, na badala ya ujira akampa kamba ya nailoni kutoka Zaire. Nyeupe, laini, imara, ya misokoto mitatu minene. Kenyi aliileta nyumbani ameivaa shingoni kama bwana harusi.

Kamba ya kupandia inahitaji kitanzi kwenye ncha moja. Kitanzi hicho huingia kwenye pete ya chuma iliyo kwenye mkanda wa mpandaji. Kamba hupanda juu, hupita kwenye tawi nene, hurudi chini mkononi mwake, na hapo yeye hufunga fundo linaloteleza akitaka na kukaza akitaka. Kwa hiyo mtu akiwa juu ya mti, uzima wake umo ndani ya kitanzi kile. Na hakifungwi kwa fundo, maana fundo huidhoofisha kamba. Ncha hufumuliwa, hukunjwa nyuma, na kila msokoto huchomekwa chini ya misokoto ya kamba yenyewe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi kamba ijimeze.

Fundi wa kazi hiyo alikuwa Romano wa Pajulu, Mlugbara aliyekaa kwenye uwanja wa malori Arua na pembe ya pongo iliyochongwa ncha. Kwa pembe hiyo alitanua misokoto na kupitisha ncha. Malori yote ya tumbaku yalifungwa kwa vitanzi vya Romano, na wapakiaji walisema hata lori likipinduka, mzigo utabaki umefungwa. Kenyi alimpelekea kamba mpya, Romano akaifanyia kitanzi kizuri kuliko vyote, ncha zimekatwa sawasawa, hakuna unywele ulionyanyuka.

Sitti alipokipokea alikisifu. Halafu, kwa kuwa alikuwa hawezi kuacha kitu bila rangi (hata beberu wao alikuwa na utepe shingoni), akachukua ukindu mwekundu, akauzungushia kamba pale pale ambapo ncha za Romano ziliishia. Utepe uliziba mwisho wa kazi ya Romano kama ukosi wa shati.

Kenyi alipanda na kamba hiyo kwa mara ya kwanza, akarudi. Sitti akaipokea. Vidole vyake vilifika kwenye utepe vikasimama.

Kati ya utepe na zile ncha palikuwa na nafasi. Ndogo, punje ya mtama ingekaa humo.

"Baba Medina. Njoo uone."

Kenyi alikuja, akainama, akaona. "Utepe wako umetembea."

"Utembee uende wapi?"

"Nimeuburuta kwenye magome kutwa nzima. Mimi mwenyewe ngozi imetembea, itazame." Akamwonyesha kiwiko kilichochubuka.

Haikuwa hoja mbaya, na Sitti hakuwa mtu wa kuidharau hoja kwa sababu imetoka kwa mumewe. Akakaa akaifikiria. Kweli, utepe uliozungushwa tu unaweza kusukumwa. Basi akaufungua, akausogeza tena ukazigusa ncha, na safari hii akachukua sindano ya magunia akaushonea ndani ya misokoto yenyewe, ukaingia huku ukatoka kule. Alipomaliza aliuvuta kwa meno. Haukusogea.

"Sasa huyu hatembei," alisema. "Kama kuna anayetembea, tutamjua."

Kenyi akaenda kupunguza kalitusi kwa watu wa barabara ya kwenda mpakani. Alirudi jioni anaimba. Sitti hakusubiri amalize wimbo. Alishika kamba, na nafasi ilikuwepo tena, na sasa kidole chake kidogo kingekaa humo. Na kitanzi chenyewe, alipokipima kwenye kiganja, kilikuwa kimetanuka.

Akakigeuza huku na huku. Wengine wangeogopa kwanza, ila yeye kilichomjia mwanzo ni hamu ya kujua, ile ile ya nyanya. Kamba nzima. Haijakatika popote, wala hakuna uzi uliochakaa. Sasa ncha zinakwendaje? Hofu ilikuja baadaye, wakati anasonga ugali, ikaja na Jumamosi kichwani. Jumamosi hiyo Kenyi alikuwa ameahidi kuukata mkono mkubwa wa mkangazi uliolalia paa la msikiti mdogo wa mtaani. Ulikuwa mti mrefu kuliko yote aliyowahi kupanda, na chini yake hapakuwa na majani wala udongo laini, palikuwa na sakafu ya saruji ya kutawadhia.

"Hutapanda na hiki," alisema.

"Mama Medina, tazama ncha." Kenyi alikigeuza kitanzi kwenye mwanga wa jua la mwisho. "Unaona Romano alivyozichoma? Kila ncha ina kichwa kama cha njiti ya kiberiti. Hata ikitaka kuteleza, hicho kichwa kitaikwamisha. Jamaa ana akili."

Sitti akavigusa vile vichwa vitatu, vigumu, vinang'aa. "Na kama vichwa vinakwamisha, hizi ncha zimefikaje hapa?"

Kenyi alikirudisha kitanzi mkekani. "Nina njaa," alisema.

Siku ya pili yake wote wawili walikuwa juu ya lori la tumbaku kwenda Arua. Kenyi alinung'unika tangu Koboko hadi mjini. Hakuwa na wasiwasi na kitanzi, wasiwasi wake ulikuwa Romano. "Utamwambia nini yule mutu? Kwamba msuka tabaga amekuja kumfundisha kamba?"

"Sijaja kufundisha. Nimekuja kuuliza."

"Hilo ndilo baya zaidi."

Romano walimkuta ameketi juu ya gurudumu kuukuu, pembe mkononi, anamalizia kamba ya katani. Pembeni mkewe Paska alikuwa na birika la chai na sinia ya mihogo ya kuchemsha, anawauzia wapakiaji. Walisalimiana vizuri, habari za Koboko, habari za watoto, habari za mvua. Halafu Sitti akamwekea kitanzi mapajani, akamwonyesha nafasi iliyo kati ya utepe na ncha, akamweleza alivyoushona.

Romano alikitazama, akacheka na pengo lake la mbele.

"Mama, hii mkono unaiona? Hii nafunga lori ya hapa mpaka Kampala. Lori inapita Karuma, inaruka mashimo, inarudi. Kitanzi iko pale pale. Sasa bwana yako iko mzito kushinda lori?"

"Anakaribia," Paska akadakia kutoka kwenye mihogo. "Si unamwona?"

Wapakiaji wakacheka. Kenyi akavuta tumbo ndani.

"Sisemi mkono wako ni mbaya," Sitti alisema. "Ningesema hivyo, malori yote yangenicheka. Nauliza tu, baba. Kamba ya lori ukishaikaza, inafanya nini tena?"

"Inakaa."

"Inakaa. Huyu wangu hakai. Anapanda, analegea, anakaza, anayumba, anacheka, anajikuna. Kutwa nzima kamba inavutwa na kuachwa. Je, hiyo ni kazi moja na ya lori?"

"Sasa Romano jibu," Paska alisema. "Mama anauliza vizuri. Lori iliwahi kujikuna?"

Romano alikuwa fundi, na fundi akiguswa kazi yake haelezi, anaonyesha. Akasimama. Pale uwanjani palikuwa na boriti ya chuma juu ya nguzo mbili ambapo makanika walinyanyulia injini. Akairusha kamba juu ya boriti, kitanzi akakiingiza kwenye kulabu, kwenye kulabu akaning'iniza gunia la mchanga. Wapakiaji wawili wakashika upande wa pili, wakavuta. Gunia likapanda hewani.

Likakaa. Watu wote wakalitazama.

"Ongeza," Romano alisema. Likafungwa gunia la pili. Likakaa. Yakazunguka taratibu, kushoto, kulia. Romano akakunja mikono kifuani. "Haya mama. Mutu ya magunia mbili hata Koboko hakuna. Paska, mpe mama chai, ametoka mbali."

Paska akampa chai. Kenyi akamnong'oneza mkewe, "Tumeshaona. Kunywa, twende."

Sitti alipuliza chai yake. Hakuondoa macho pale juu. "Mteremshe," alisema. "Halafu mpandishe. Halafu mwachie kidogo, mshike ghafla. Kama Kenyi anavyoshuka."

Wapakiaji walimtazama Romano. Romano akapunga mkono: fanyeni, amalize hamu yake. Wakateremsha, wakapandisha, wakaachia, wakadaka. Kila yalipodakwa, boriti ililia. Tena. Tena. Kwa wapakiaji ikawa mchezo, wakaanza kuimba wimbo wa kupakia, magunia yakipanda kwenye mwito na kudondoka kwenye kiitikio.

Romano ndiye aliyeona kwanza. Mikono yake ilishuka kutoka kifuani. Akasogea hadi chini ya kulabu, akakodoa macho. "Ngoja," alisema. "Ngoja, ngoja, kaa hapo..."

Lakini wimbo ulikuwa umekolea, wakaachia na kudaka mara moja zaidi. Vile vichwa vitatu vya kiberiti viliingia chini ya misokoto, kimoja kimoja, kama njegere zinazorudi ndani ya ganda, na kitanzi hakikuwa kitanzi tena. Kilikuwa mikia mitatu. Magunia yakaanguka kwa kishindo, la chini likapasuka, mchanga ukamwagika mpaka kwenye viatu vya Kenyi.

Kenyi alitazama mchanga ule, halafu mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mkanda, ukaishika pete.

"Juzi," alisema polepole, "nilikuwa juu ya kalitusi, nikamtania mwenye nyumba. Nikajirusha nyuma nimcheze shere. Hivi." Hakuonyesha hivyo vipi.

Romano aliokota mwisho wa kamba akaketi chini, hapo hapo kwenye mchanga. Mtu angetegemea aone haya au akasirike. Pengine vyote vilikuwepo, ila vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuchunguza, na Sitti alikuwa ameshachuchumaa mbele yake na kikombe cha chai alichosahau kukiweka.

"Angalia," Romano alisema. "Haikukatika. Ilitoka tu. Kama mutu anatoka nyumbani, anafunga mlango."

"Ilitoka bila kukwaruzwa."

"Iko safi kabisa! Paska, leta ile ya katani." Paska akamtupia kamba aliyokuwa akiimaliza. Romano akajaribu kuchomoa ncha moja kwa mkono. Haikutoka. Akatia pembe, akakamua, ikatoka inchi moja huku inalia, imeacha nywele zake nyuma. "Unaona? Hii iko na nywele. Nywele inashika nywele. Mara tatu inatosha, mzee aliyenifundisha alisema tatu, mimi nafanya tatu. Lakini hii ya Zaire..." Akapitisha kidole kwenye nailoni. "Iko kama kambare."

Sitti alipofushwa kidogo na mwanga uliorudi kwenye ile kamba nyeupe, na hapo ikamjia tabaga yake ukutani, samawati, inang'aa, inatambaa juu ya mchuzi. Akaweka kikombe chini.

Akawasimulia. Harusi, bibi wa wakwe, bakuli. Paska alicheka hadi akajifuta machozi na kitenge, Romano naye akacheka, akafurahi kwamba si yeye peke yake aliyeumbuliwa na kitu kinachong'aa.

"Nilikuwa nimeichomeka kama ukindu," Sitti alisema. "Ukindu ukikauka unajibana. Unauma. Plastiki haiumi. Nimeitazama miaka, nikadhani mkono wangu ulikosea mahali. Kumbe mkono ulifanya vile vile. Vile vile ndiyo iliyokosea."

"Sasa kama haiumi, tunafanya nini?"

"Sijui. Wewe ungefanya nini kumzuia kambare?"

Romano alifikiri. "Kambare ukimshika na mkono moja anatoka. Unamshika na mikono, na goti, na shati, na kila kitu."

Wakatazamana. Romano akachukua pembe.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na Sitti ndiye aliyelipata alipoikunja ile ncha ya zamani: ilikuwa ngumu kama ngozi iliyokauka, ikatoa mlio mdogo, nyuzi kadhaa zikakatika. Romano akainamisha kichwa. Alikuwa ameipitisha motoni. Kila kitanzi cha katani, wakimaliza, mafundi wa Arua hukipitisha juu ya moto wa majani kuunguza nywele zilizosimama, kitoke kisafi. Na hii aliipitisha vile vile, ingawa haikuwa na nywele hata moja. Ikayeyuka kidogo, ikang'aa zaidi, naye akaona imependeza.

"Hapa yote lazima tukate," alisema.

"Kiasi gani?" Kenyi akaruka. Hadi hapo alikuwa mpole kama mtu aliyetoka hospitalini. "Romano, ndugu yangu, kamba hii nimeipima na mkangazi. Inapanda, inapita tawi, inarudi, inanifikisha chini. Ukikata..."

"Urefu ya mkono moja. Na kitanzi ikimeza vizuri, kidogo tena."

"Huo mkono ndio unaonifikisha chini!"

"Baba Medina," Sitti alisema, "na ule mchanga ulifikaje chini?"

Kenyi aliutazama ule mchanga kwenye viatu vyake. "Kata," alisema.

Romano alikata. Akaifumua ncha mpya, akaikunja, akaanza kuchomeka. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo mkono wake ulisimama wenyewe kwa mazoea ya miaka, ikabidi Paska aseme, "Endelea, mutu ya mara tatu." Akaendelea. Wakairudisha kwenye boriti na magunia, wapakiaji wakaimba, na Sitti akaweka alama ya mkaa. Ikasogea, lakini kwa shida. Wakaishusha, akaongeza. Ikasogea unywele. Akaongeza tena, na kila alipochomeka aliuvuta msokoto kwa mguu hadi uso ukabadilika rangi. Wakapandisha, wakaachia, wakadaka, wapakiaji wakachoka, wimbo ukaisha, na alama ya mkaa ilikuwa pale ilipowekwa.

Ikabaki kumalizia. Romano akachukua kisu azikate ncha sawasawa. Sitti akamshika mkono.

"Ziache ndefu."

"Mama! Hivi?" Zilikuwa zimechomoza kama ndevu za beberu. "Mutu atauliza, nani alifunga hii? Watasema Romano amezeeka!"

"Zikiwa ndefu, zikisogea tutaona kabla hazijafika. Zikikatwa hapo hapo, tutaona zikishatoka. Nitazifunika."

Na akazifunika. Alikuwa na ukindu mwekundu kwenye kibindo, kwa kuwa Sitti hakusafiri bila ukindu. Akazilaza ncha juu ya kamba, akazishonea utepe, ukapita ndani na nje, akaacha vidole vya ncha vikichungulia upande wa pili. Romano alisimamia kazi hiyo akilaumu kila mshono, na ulipokwisha akakishika kitanzi, akakigeuza, akasema si kibaya. Akaomba amwachie ukindu kidogo, wa kujaribu.

Jumamosi ilifika.

Uwanja wa msikiti ulijaa. Wazee walikaa kivulini mwa ukuta, wanawake upande wao, watoto walifukuzwa wakarudi. Kenyi alipanda mkangazi taratibu, hakumtania mtu yeyote. Msumeno ulilia huko juu kwa muda mrefu, ule mkono mkubwa ukateremshwa vipande vipande kwa kamba nyingine ya katani, mpaka kipande cha mwisho kikagusa ardhi na bati la msikiti likabaki zima, limejaa jua ambalo halikuwahi kuliona. Mzee mmoja alisema Alhamdulillahi. Watu wakaanza kuinuka.

Sitti hakuinuka. Kenyi alikuwa bado juu.

Alianza kushuka. Fundo lilimteremsha kidogo, likamshika, kidogo, likamshika, na kila liliposhika Sitti alihisi kwenye meno yake. Akapita matawi ya katikati. Akapita mahali shina linapogawanyika. Akashuka hadi miguu ikafika usawa wa vichwa vya watu, halafu wa viuno vyao, kisha ghafla akasimama, ananing'inia, viatu hewani, juu kidogo ya ile saruji. Kamba ilikuwa imekwisha. Ule mkono aliokata Romano.

"Nilisema!" Kenyi alinguruma, akizunguka polepole kama gunia. "Nilisema au sikusema?"

Watu wakacheka, na mzee mmoja akaagiza kiti kiletwe akikanyage. Lakini Sitti alikuwa ameshafika. Kwa namna Kenyi alivyoning'inia, mkanda wake ulikuwa juu kidogo ya uso wa mkewe, na kwenye mkanda pete, na kwenye pete kitanzi, kimekazwa na uzito wote wa mtu yule mkubwa. Hakuwahi kukiona hivyo. Siku zote kilimfikia mkekani kimelegea, kazi imeshapita.

"Usishuke," alisema.

"Mama Medina, mkanda unanikata tumbo."

"Usishuke kwanza. Zunguka huku. Nimesema huku." Akamshika mguu akamgeuza kama anavyogeuza tabaga kuitafuta kasoro.

"Mama, mteremshe mumeo!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Unamkagua kama mbuzi wa sokoni?"

"Ngojeni."

Akasimama kwa vidole vya miguu. Kamba ilikuwa imenyooka, inatetemeka kidogo kwa kila pumzi ya Kenyi. Utepe ulikuwa na vumbi la magome. Akaufuta kwa ukingo wa kitenge. Upande wa pili, zile ncha tatu zilichungulia urefu ule ule alioziacha Arua. Akatia ukucha kati ya utepe na misokoto ya kwanza, mahali ambapo siku ile kidole chake kidogo kingeweza kukaa. Ukucha haukupata pa kuingia.

Alijaribu upande mwingine. Haukupata.

"Je?" Kenyi aliuliza kutoka juu, na sauti ile ya ng'ombe ilikuwa imepungua, imekuwa ya mtu mmoja anayemuuliza mmoja.

"Vuta pumzi," alisema. "Nyingi. Sasa toa."

Kenyi akavuta, akatoa. Sitti alitazama. Hakuna kilichosogea.

Akarudi nyuma hatua mbili, akampisha.

"Haya," alisema. "Legeza fundo, uruke. Na hiyo kamba unipe mimi."